Filamu za Korea Kusini: mfuate Song Kang-ho

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, naishi Tanga. Tamthilia za Kikorea nimezitazama tangu enzi za Jumong, lakini filamu zao sizijui kabisa. Niliitazama Parasite kwa sababu ya zile tuzo. Nusu ya kwanza nilicheka, nusu ya pili ikanikosesha usingizi. Kisha rafiki akanipa Oldboy, nikaizima haijafika hata saa moja. Orodha za mtandaoni zina filamu 50 au 100, na nyingi zinaanza na hizo hizo mbili. Nianzie wapi? Na kwa nini filamu zao zinageuka katikati namna ile? Mama yangu naye anapenda tukae tutazame pamoja, ila damu haiwezi.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Huna roho nyepesi, wala Oldboy si filamu mbaya. Kilichokupoteza ni zile orodha. Wanaozitunga wameshatazama filamu mia kadhaa, kwa hiyo wanapanga kwa ukubwa wa tuzo au kwa ukubwa wa mshtuko, na hawamfikirii mtu aliyetoka zamu ya usiku akakaa sebuleni na mama yake. Ndiyo maana sitakupa orodha nyingine. Nitakupa mtu mmoja wa kumfuata na miaka mitatu ya kukumbuka.

Mtu huyo ni Song Kang-ho. Umeshamwona: ndiye baba katika Parasite, yule anayeishi na mke na watoto kwenye chumba kilichozama nusu chini ya ardhi, kisha akawa dereva wa tajiri. Alizaliwa mwaka 1967 huko Gimhae, kusini-mashariki mwa nchi, akajifunza kazi kwenye maigizo ya jukwaani. Mwaka 1996 alipata nafasi ndogo katika filamu ya kwanza ya Hong Sang-soo, na tangu hapo waongozaji wakubwa wa nchi ile wamekuwa wakimwita mmoja baada ya mwingine: Lee Chang-dong, Kim Jee-woon, Park Chan-wook aliyeongoza Oldboy, na Bong Joon-ho aliyeongoza Parasite. Mwaka 2022 tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu ya Broker. Ukimfuata yeye utakutana na hao wote, na kila mmoja utamwona kupitia mtu unayemfahamu tayari.

Nina sababu nyingine ya kumchagua. Sisi tumelelewa na filamu za steringi. Pale kwenye kibanda umiza, aliyechelewa kuingia aliuliza kwanza steringi ni nani, akishaonyeshwa anatulia, kwa maana steringi hafi. Song hakuja kwa sura hiyo. Ana uso mpana wa jirani, anacheza watu wenye kitambi na madeni: dereva teksi, muuza ngisi wa kuchoma, mpelelezi wa wilayani, fundi wa gereji. Anaingia akichekesha, na wewe unamzoea. Halafu linamkuta jambo kubwa kuliko uwezo wake. Hapo ndipo filamu za Korea zinapoanza kusema, na ndipo tunapotofautiana nazo kwa sababu bado tunamsubiri steringi.

Sasa miaka mitatu. Wa kwanza ni 1980. Jenerali Chun Doo-hwan alilitwaa jeshi kwa mapinduzi ya Desemba 12, 1979, na Mei iliyofuata askari wa miavuli wakapelekwa kuzima maandamano katika mji wa Gwangju. Waliwapiga na kuwapiga risasi raia, na magazeti yalikuwa chini ya udhibiti, kwa hiyo sehemu kubwa ya nchi haikujua au iliambiwa kwamba ni fujo za wakomunisti. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Mwaka wa pili ni 1987: Januari mwanafunzi Park Jong-chul alikufa kwa mateso mikononi mwa polisi, na ilipofika Juni barabara za Seoul zilijaa watu hadi utawala ukakubali rais achaguliwe kwa kura ya wananchi moja kwa moja. Wa tatu ni 1997, uchumi ulipoporomoka na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) likaingia na masharti yake. Watu walioamini kwamba ajira ni ya maisha waliamka hawana kazi. Wakorea wenyewe wakikitaja kipindi kile husema "IMF" tu, na herufi hizo hata kwetu wazee wanazo hadithi nazo.

Waongozaji utakaokutana nao walikuwa vijana au watu wazima miaka hiyo ikipita. Bong alisoma sosholojia katika Chuo Kikuu cha Yonsei, na huko huko Seoul yeye na wenzake wakawa na klabu ya kutazama filamu. Park Chan-wook alisoma falsafa. Lee Chang-dong alikuwa mwalimu wa sekondari na mwandishi wa riwaya kabla hajashika kamera, na mwaka 2003 akawa waziri wa utamaduni. Hawa si watu waliosikia habari za askari mitaani kutoka kwa babu zao.

Na walipofika umri wa kufanya kazi, mlango ulikuwa umefunguka. Mwaka 1994 ripoti moja ilimfikia Rais Kim Young-sam ikisema filamu ya Jurassic Park peke yake imeingiza fedha sawa na kuuza nje magari milioni 1.5 ya Hyundai, na kuanzia hapo serikali na makampuni makubwa wakaanza kuiona sinema kuwa ni biashara ya kweli. Oktoba 1996 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kukagua na kukata filamu kabla hazijaonyeshwa ni kinyume cha katiba. Mwaka huo huo tamasha la filamu la Busan likaanza. Mwaka 1999 filamu ya majasusi iitwayo Shiri iliishinda Titanic katika majumba ya sinema ya Korea. Kulikuwa pia na sheria iliyoyalazimisha majumba kuonyesha filamu za nyumbani siku 146 kwa mwaka. Ilipopunguzwa hadi siku 73 mwaka 2006, waigizaji mashuhuri waliingia barabarani kupinga. Sisemi kwamba sheria hutengeneza vipaji. Lakini vipaji bila ukumbi wa kuonyeshea hufia sebuleni, na hilo watu wa filamu wa kwetu wanalijua vizuri.

Tuanze. Filamu ya kwanza ni A Taxi Driver ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Jang Hoon. Ni Mei 1980. Song ni dereva teksi mjane, ana binti mdogo, kodi ya nyumba imelimbikizwa. Mwanzoni anawatukana wanafunzi wanaoandamana: anasema wangepelekwa jangwani Saudi Arabia wakafanye kazi, wangejua nchi yao ni nzuri kiasi gani. Yeye alikuwa huko, kama Wakorea wengi wa miaka ya 1970 waliokwenda kwenye ujenzi Ghuba, na ndiko alikookota Kiingereza chake cha kuungaunga. Anasikia kwenye mgahawa kwamba kuna mzungu atakayelipa won 100,000 kwenda Gwangju na kurudi kabla ya saa ya kutotoka nje. Anamwibia dereva mwenzake abiria huyo. Mzungu ni mwandishi wa habari wa Kijerumani, Jürgen Hinzpeter, mtu wa kweli aliyekuwa na makao Tokyo, na picha alizotoa nazo Gwangju ndizo zilizoonyesha dunia kilichotokea.

Ninaanza na hii kwa kuwa inakushika mkono. Inachekesha, ina njia ya gari unayoielewa, na unajifunza mwaka 1980 kwa kasi ile ile anayojifunza dereva. Kuna mahali anakula tambi peke yake katika mji mwingine, watu wa meza ya jirani wanazungumza habari za Gwangju walivyozisikia redioni, na yeye ametoka huko asubuhi hiyo hiyo. Mtazame Song hapo. Hasemi kitu, anatafuna tu. Udhibiti wa habari ulivyo, utauona kwenye mashavu ya mtu anayekula.

Filamu ilikatiwa tiketi zaidi ya milioni 12 katika nchi ya watu wapatao milioni 51. Hinzpeter alimtafuta dereva wake kwa miaka mingi, akafariki Januari 2016 bila kumpata. Filamu ilipotoka, mtoto wa dereva akajitokeza, na ndipo ilipojulikana kwamba Kim Sa-bok wa kweli alikuwa amefariki tangu 1984. Kasoro yake ni kwamba mwishoni inaongeza mbio za magari ambazo hazikuhitajika. Isamehe hilo.

Baada yake nenda Memories of Murder ya Bong Joon-ho, ya mwaka 2003. Kama ningeruhusiwa kukupa filamu moja tu ya nchi ile, ningekupa hii. Inaanza kwenye shamba la mpunga linalong'aa kwa jua la Oktoba 1986, na ndani ya mfereji uliofunikwa kwa zege kuna mwili wa mwanamke. Song ni mpelelezi wa hapo hapo ambaye anadai akimtazama mtu machoni anajua kama ana hatia. Mkubwa wake anamjaribu: pale wamekaa vijana wawili, mmoja amebaka, mwingine ni kaka wa msichana aliyebakwa na ndiye aliyemkamata. Yupi ni yupi? Song anakodoa macho, na Bong anakata bila kutupa jibu. Filamu nzima iko ndani ya sekunde hizo.

Kisa ni cha kweli. Kati ya 1986 na 1991 wanawake 10 waliuawa huko Hwaseong, kusini mwa Seoul. Polisi wa filamu hii wanapiga washukiwa mateke, wanawalisha, wanatazama nao tamthilia ya televisheni, kisha wanawapiga tena. Utacheka, na baada ya dakika chache utajiuliza ulikuwa unacheka nini. Hapa ndipo mwaka wako 1987 unapohitajika. Usiku mmoja wa mvua wapelelezi wanajua muuaji atatoka, wanaomba askari wa kuongeza doria, wanaambiwa askari wote wamekwenda kuzima maandamano. Bong hasimami kukuhutubia kuhusu udikteta. Anakuonyesha tu kwamba dola lililokuwa na nguvu zote za kumpiga mwanafunzi halikuwa na askari wawili wa kumlinda msichana anayerudi nyumbani kwa miguu.

Filamu ilipotengenezwa muuaji hakuwa amejulikana, na mwisho wake umejengwa juu ya hilo. Sitakuambia. Nitakuambia tu kilichotokea nje ya filamu: Septemba 2019 vipimo vya vinasaba vilimfikia Lee Choon-jae, ambaye tayari alikuwa gerezani maisha kwa mauaji mengine ya mwaka 1994, na akakiri. Mwaka 2020 mahakama ilimsafisha mwanaume aliyekaa gerezani takriban miaka 20 kwa moja ya mauaji yale ambayo hakuyafanya. Ukishaiona filamu, rudi usome aya hii.

Sasa naweza kujibu swali lako la kugeuka katikati. Ukweli ni kwamba hazigeuki. Rudia dakika za mwanzo za Parasite. Familia inakunja maboksi ya piza, gari la kupuliza dawa ya wadudu linapita mtaani, baba anasema acheni dirisha wazi tupuliziwe bure, na moshi unawajaa wote wakikohoa. Ulicheka, na ilikuwa sahihi kucheka. Lakini pale pale ulishaonyeshwa watu wanaopuliziwa sumu ya mende ndani ya nyumba yao. Kilichokukosesha usingizi nusu ya pili kilikuwepo tangu mwanzo, kimevaa kicheko. Filamu nyingi za Hollywood hukuambia mapema kama utacheka au utaogopa na hushika ahadi hiyo hadi mwisho. Bong na wenzake walikulia mahali ambapo asubuhi mtu yuko darasani anapiga soga na mchana anakimbia mabomu ya machozi, na wakakataa kuutenganisha mchana na asubuhi kwa ajili ya kumrahisishia mtazamaji. Wewe ni muuguzi. Wodini kwenu watu hucheka, na kitanda cha jirani kuna msiba. Nadhani utaelewa haraka kuliko wahakiki wengi.

Ukitaka kuliona hilo kwa ukali wake wote, tazama The Host ya Bong, ya mwaka 2006. Ni ya mnyama mkubwa anayetoka mto Han, na inaanza na Mmarekani katika chumba cha maiti cha jeshi akiamuru kemikali imwagwe kwenye sinki, jambo lililotokea kweli mwaka 2000. Song ni muuza vitafunio kando ya mto, mvivu, anayesinzia kwenye kaunta yake. Familia inapoomboleza kwenye ukumbi uliojaa picha za waliokufa, wanalia mpaka wanaanguka sakafuni, wanagaragara, waandishi wanawapiga picha, na inachekesha. Unajisikia vibaya kwa kucheka msibani, lakini kilio ni cha kweli. Mnyama mwenyewe anaonekana mapema, mchana kweupe. Bong hana haja ya kumficha, maana adui anayemsumbua zaidi ni serikali inayomweka karantini baba badala ya kumsikiliza.

Kisha Joint Security Area ya Park Chan-wook, ya mwaka 2000, kwa sababu Oldboy ilikukimbiza na nataka umjue Park kwa upande wake wenye huruma. Ni askari wanne, wawili wa Kusini na wawili wa Kaskazini, wanaolinda mpaka wa Panmunjom na kwa siri wanakuwa marafiki. Tangu mwanzo unajua kwamba urafiki huo umeishia kwenye risasi na maiti. Kinachobaki ni kujua ilikuwaje. Mpelelezi ni Lee Young-ae, ambaye pengine unamkumbuka kwa tamthilia ya Jewel in the Palace. Song ni sajini wa Kaskazini, na keki za chokoleti za Kusini anazipenda mno. Rafiki yake anamuuliza kama hatahamia Kusini akazile hadi ashibe. Jibu lake halina ushujaa wa maneno, na ndani yake kuna fahari yote ya mtu aliyezaliwa upande uliokosa. Mpaka wenyewe hawakuruhusiwa kupiga filamu, wakajenga Panmunjom ya bandia kwenye studio. Ilitoka Septemba, miezi mitatu baada ya viongozi wa pande mbili kukutana Pyongyang kwa mara ya kwanza, na majumba yakafurika.

Hapo pumzika, kisha utafute usiku ambao kesho yake huna zamu. Secret Sunshine ya Lee Chang-dong, ya mwaka 2007, ni nzito. Haina damu ya kutisha, ila haikuachii. Mama mjane anahamia Miryang, mji wa kwao marehemu mumewe, na mtoto wake mdogo wa kiume. Mtoto anatekwa. Mama anaangukia kanisa la mtaani, anapata amani, anaimba, anatoa ushuhuda, na siku moja anawaambia waumini kwamba atakwenda gerezani kumsamehe aliyemfanyia vile. Wanamsifu. Anachukua maua, anakwenda. Sitasema anachoambiwa pale nyuma ya kioo, lakini ukishakisikia utakaa nacho muda mrefu, hasa sisi ambao jirani zetu na pengine sisi wenyewe tumo katika makanisa ya namna ile. Filamu haimdhihaki mwumini hata mmoja. Inauliza tu nani ana haki ya kusamehe, na kama kuna mtu anaweza kumtangulia aliyeumizwa. Jeon Do-yeon alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes kwa kazi hii. Na Song je? Amesimama pembeni. Ni fundi wa gereji anayempenda mama huyu bila kupendwa, anamfuata hadi kanisani ambako hana imani nako, anaonekana mjinga kidogo. Mwigizaji mkubwa kuliko wote nchini amekubali kuwa mtu wa pembeni kwa saa mbili na zaidi, na taratibu unagundua kwamba bila yeye mama yule asingekuwa na mtu hata mmoja.

Sasa rudi Parasite. Mara hii tazama nani anapanda ngazi na nani anashuka, na mvua inaponyesha, maji yanatoka wapi yanakwenda wapi. Mtaa wote wa maskini ulijengwa na mafundi ndani ya tangi ili waweze kuuzamisha. Wengine walidhani gharika ile ni mbwembwe za filamu. Agosti 2022 mvua kubwa ilipiga Seoul na watu wakafa maji ndani ya vyumba vya namna hiyo hiyo, hadi mji ukatangaza mpango wa kuviondoa.

Kabla hujaanza, mambo mawili ya utazamaji. Usitafute nakala zilizosimuliwa juu kwa Kiswahili. Wasimuliaji wetu nawaheshimu, ni sanaa kamili na imeibeba sinema vijijini kwa miaka. Lakini msimuliaji analazimika kujaza kila pengo, na filamu hizi zimewekwa kwenye mapengo. Yule dereva anayetafuna tambi ukimwekea sauti juu, umemfuta. Tumia maandishi ya chini, hata kama ni ya Kiingereza na mama utamsomea vipande. La pili: tazama mikono. Nani anamimina kinywaji kwa mikono miwili, nani anageuza uso pembeni anapokunywa mbele ya mkubwa, nani ameacha kufanya hivyo. Maandishi ya chini hayakuambii, lakini wewe uliyeanza barua yako na shikamoo utaona papo hapo nani amevunja adabu na kwa nini chumba kimenyamaza.

Njia ya Song ina upungufu, na ni mkubwa: inakuonyesha dunia ya wanaume. Kwa hiyo chomeka katikati Take Care of My Cat ya Jeong Jae-eun, ya mwaka 2001, kuhusu wasichana watano wa Incheon waliomaliza sekondari ya biashara na urafiki unaanza kupimwa na mishahara. Ilipotoka haikupata watu, mashabiki wakafanya kampeni irudishwe kwenye majumba. Na House of Hummingbird ya Kim Bora, ya mwaka 2018: msichana wa miaka 14, mwaka 1994, nyumba yenye kaka anayempiga na wazazi waliochoka, hadi asubuhi ya Oktoba 21 daraja la Seongsu linapovunjika na kuua watu 32. Nimeona wanawake wazima wakitoka kwenye filamu hiyo hawataki kuzungumza na mtu kwanza.

Bando likiwa kidogo, Hifadhi ya Filamu ya Korea ina chaneli YouTube yenye filamu nyingi za zamani, bure na halali, zenye maandishi ya Kiingereza. Humo tafuta The Housemaid ya Kim Ki-young, ya mwaka 1960: mwalimu wa muziki, mke, nyumba mpya ya ghorofa, mfanyakazi wa ndani, sumu ya panya, na ngazi. Bong ameitaja waziwazi miongoni mwa vilivyomlea kwa ajili ya Parasite. Ni nyeusi na nyeupe na bado inatisha, kwa hiyo mama asiwepo.

Moja bado, kwa kuwa uko pwani. Escape from Mogadishu ya Ryoo Seung-wan, ya mwaka 2021, inatoka kwenye kisa cha kweli cha Januari 1991, Mogadishu inapoanguka. Wanadiplomasia wa Korea Kusini na Kaskazini waliokuwa wakigombania kura za Afrika ili waingie Umoja wa Mataifa wanajikuta wamejibanza chini ya paa moja. Kuna mlo wa usiku ambapo mtu wa upande mmoja anamsaidia wa upande mwingine kutenganisha majani yaliyogandana kwa vijiti, na hakuna anayesema neno. Safari yao inaishia Mombasa. Ilipigwa Moroko, mji wa Essaouira, na kwa Wasomali haikutenda haki: wengi wao ni kelele na bunduki nyuma ya hadithi ya wengine. Nina jirani na marafiki Wasomali, na hilo linaniuma kila ninapoitazama. Itazame kwa ajili ya ule mlo, na kasoro hiyo usiifumbie macho.

Oldboy utairudia ukitaka, si lazima. Park aliitengeneza mwaka 2003, na mwaka uliofuata Cannes ikaipa tuzo ya pili kwa ukubwa. Ni hadithi ya kisasi inayomwadhibu mlipizaji kuliko mlipiziwa, na ni ya watu wazima peke yao. Ukiwa umeshaona Joint Security Area utamtambua mwongozaji yule yule, mwenye huruma ile ile, ila safari hii ameificha mbali sana. Usipoirudia, hujapoteza haki ya kusema unaijua sinema ya Korea.

Na mama mtafutie The Way Home ya Lee Jeong-hyang, ya mwaka 2002. Mtoto wa Seoul anaachwa kijijini kwa bibi asiyeweza kuongea. Anataka kuku wa kukaanga wa mgahawani, anamwelekeza bibi kwa ishara. Bibi anaelewa kuku, anatoka kwenye mvua, anarudi na kuku hai, anamchemsha. Mtoto analia kwa hasira. Bibi huyo alikuwa mwanakijiji ambaye hakuwa mwigizaji kabisa. Haina damu hata tone, wala hutahitaji kumsomea mama maandishi mengi, kwa sababu mwenye kusema zaidi ni huyo bibi. Anza na hii Jumamosi, kabla hata ya A Taxi Driver.